Tangu 2003 nafundisha darasa la kwanza na sitaki kutoka. Mnaosema nimedumaa njooni tuongee

MamaChaki

Wakuu salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku kanda ya ziwa, kijijini kabisa, lami tunaisikia tu. Nilianza kazi 2003 kile kipindi cha MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi), ada ilishafutwa 2001 kila mzazi kaleta mtoto, madarasa yamefurika mpaka chini ya mwembe, unakuta mtoto wa miaka 7 kakaa na jamaa wa miaka 12 katoka kuchunga wote wanaanza la kwanza. Nikapewa la kwanza kwasababu nilikuwa mgeni, na mgeni siku zote anatupiwa kule wenyeji wanakokukimbia. Mpaka leo nipo hapo hapo.

Niliofika nao wengi walishaondoka. Mmoja alijiendeleza diploma kisha digrii yupo sekondari, mwingine ni afisa elimu kata anazunguka na pikipiki, mmoja aliacha kabisa akaingia kwenye dengu na mpunga na kusema ukweli kajenga. Mimi nimeshaitwa kuwa mwalimu mkuu, nimeshaitwa madarasa ya juu, nikakataa. Ndugu zangu wananitania madam anarudia darasa, miaka ishirini na kitu bado yupo la kwanza hafaulu. Nacheka nao. Ila kuna wanaosema kwa dhati kabisa kwamba nimedumaa, sina ndoto, na hao ndo nimewaletea uzi.

Sasa sikilizeni. Kuna kipindi, mara nyingi ni baada ya likizo ya Juni, mtoto ambaye miezi yote alikuwa anaimba tu herufi anaanza kusoma. Sisemi kusoma kitabu, kitabu anaweza kuwa kakariri picha, nasema kusoma kitu ambacho hujamfundisha. Kuna binti alikuwa kimya tangu Januari, nilishamwandika kichwani kwamba huyu atakuwa wa kurudishwa nyuma, asubuhi moja kaja na pakiti tupu ya chumvi kaiokota njiani, akanisimamisha mlangoni akaanza, chu... mmm... vi... chumvi. Aliyewahi kufundisha la kwanza anajua hiyo mv ilivyo ngumu, wengi wanasoma chumuvi. Yeye kaiunganisha mwenyewe halafu akaniangalia kama ananidai hela.

Na yule binti atasahau. Jiulizeni nyie mnaosoma hapa, nani anakumbuka siku aliyojua kusoma? Mnamkumbuka mwalimu wa hesabu wa form two, mnamkumbuka yule mnoko wa nidhamu, aliyewashika mkono mkaandika herufi a mnamkumbuka wachache sana. Nina niliowafundisha ni manesi, mmoja ni trafiki, siku moja alisimamisha gari tuliyopanda akaniambia mama sogea ndani kidogo, hakunijua, mimi nikamjua kwa lile sikio lake. Miaka ya mwanzo hiyo kitu iliniuma sana. Siku hizi hainiumi, na nahisi ilipoacha kuniuma ndo kazi ilipokaa mkononi.

Haya karibuni, na matusi leteni kwa adabu.

Dalali Mkuu

Madam kwa heshima zote unajitekenya halafu unacheka mwenyewe. Hizi hadithi za wito ndo zinawamaliza walimu. Huyo mwenzako wa dengu na mpunga mbona umempitia juu juu, si useme kajenga wapi na ana gari gani tulinganishe.

Halafu ngoja niseme kile wengi humu hawasemi. Watumishi wengi hawajatulia kazini, WAMEFUNGWA. Mtu kachukua mkopo bank wa miaka saba, haujaisha kautopapu (kauongezea mwingine juu yake), mshahara unafika umeshakatwa unabaki wa kununua vocha, ataachaje kazi? Akiulizwa anasema naipenda kazi yangu. Na mwisho wa siku unasubiri mafao ambayo kikokotoo, ile hesabu ya kiasi unachopewa kwa mkupuo ukistaafu, kilishushwa mpaka 33% mwaka 2022, makelele yakapigwa, 2024 wakapandisha 40% na watu wakashangilia wakati kabla ya hapo ilikuwa nusu. Unakaa miaka yote hiyo ili uje upewe hiyo. Mimi niliacha kazi ya ofisini baada ya miaka miwili nauza viwanja, sina bosi, nikitaka kulala nalala.

kipandaShuka

Dalali kasema kweli kavu. Nimeweka kambi hapa.

Hadubini

Dalali hoja yako ya mkopo ina ukweli ila umeifanya ya watu wote. Ngoja niwape ya maabara.

Nipo kituo cha afya kimoja kanda ya kati, nimekaa maabara hapo hapo tangu enzi za slaidi tupu. Zamani homa ikija unatoboa kidole, unapaka slaidi nene, unaikausha, unaitia rangi ya Giemsa, unaweka tone la oili unashusha lenzi ya 100 unaanza kuhesabu. Foleni ndefu, macho yanauma. Zikaja RDT, vile vipimo vya haraka vya malaria, matone mawili dakika kumi na tano mistari inasoma yenyewe, kila mtu akafurahi na mimi nilifurahi usije ukadhani. Vijana wanaokuja sasa wengi hadubini wanaiona ni ya makumbusho.

Sasa kuna mama alikuja na homa, RDT negative, akarudi nyumbani, homa ikakata, siku kadhaa ikarudi tena kali, RDT negative tena, wanataka kumwandikia UTI maana siku hizi kila mtu ana UTI. Nikamuuliza analala wapi. Nyumba ya udongo, chini kwenye mkeka. Nikaomba damu homa ikiwa juu, nikapaka slaidi nikakaa nayo, nikaviona vijidudu vimejipinda kati ya seli, vyembamba, ukiwa na haraka utasema ni uchafu wa rangi. Homa ya papasi. Kale ka ugonjwa kanakaletwa na papasi, aina ya kupe wanaokaa kwenye nyufa za sakafu wanatoka usiku, Koch mwenyewe yule mwanasayansi aliyegundua kijidudu cha TB alikuja huku enzi za Mjerumani mwaka 1905 akawakuta hao papasi kwenye njia za misafara. Kanatibika kwa dawa ya kawaida tu ya bei rahisi, ila lazima kwanza mtu akaone.

Mngekuwa mmenikuta nina miaka miwili kazini nisingekajua. Nilionyeshwa na mzee mmoja kabla hajastaafu, na yeye alionyeshwa na mtu. Mimi nikihama kesho kwenda kuuza viwanja, mama wa namna hiyo anaandikiwa dawa za UTI mpaka basi. Hiyo ndo sababu yangu ya kukaa, sijui kama ni wito, ila najua kinachopotea nikiondoka.

Dalali Mkuu

Kwahiyo mafanikio yako ni kuona mdudu. Sawa mkuu, na ada za watoto je? Huyo mdudu analipa?

Hadubini

Analipa mshahara wangu ambao nao unalipa ada. Si wa kutamba ila hujawahi kunikuta naomba nauli. Swali lako ni zuri ila mbona mada ni kutulia, wewe umeigeuza kuwa nani ana hela nyingi?

Wa Nakuru

Niaje watu wa TZ. Mimi ni wa upande wa pili, nimebadilisha kazi mpaka sivi (CV) yangu ikakuwa ndefu kuliko ya mtu anastaafu. Sales, bima, sacco, mambo ya kusupply, tena sales. Kila mahali mwaka wa kwanza ni sawa kabisa, unafunza watu jina lako unafunzwa mfumo, mwaka wa pili inaanza kukuboesha, unaruka. Pesa iliongezeka, hiyo sitadanganya. Kitu nimenotisi ni kwamba mimi ni mzuri sana kwa kuanza. Sijawahi kuona kazi yoyote ikifika ile stage hawa watu wawili wanaongelea, sijui hata inakaa aje. Madam swali langu ni moja, hukuboeka? Every mwaka a e i o u, haki ya Mungu mimi ningepasuka.

MamaChaki

Nimerudi, nilikuwa nasahihisha. Dalali nitakujibu ila nianze na kaka wa Nakuru maana kauliza swali la mtu.

Kuboeka nimeboeka sana. Mwaka wa nne wa tano hivi nilikuwa naamka sitaki, sauti ya watoto wakiimba ba be bi bo bu ilikuwa inanifuata mpaka usingizini. Ila ngoja nikuambie nilichogundua kwenye huo wimbo. Darasa zima linaimba ba be bi bo bu kwa furaha, mkaguzi akipita anafurahi. Siku moja kwa uchovu tu nikaanza kuonyesha kwa fimbo kuanzia mwisho, nikaweka fimbo kwenye bu, wakaimba BA. Nikaweka kwenye bo, wakaimba BE. Hakuna aliyekuwa anaangalia ubao! Wote wanaimba wimbo. Ndo nikaanza kuwachungulia mmoja mmoja, nani anasoma na nani anaimba, na kusema ukweli tangu siku ile darasa halijawahi kuniboa tena, maana ukishaanza kuangalia mtoto mmoja mmoja hakuna wawili wanaofanana.

2015 wakaleta mtaala wa KKK, la kwanza na la pili tukapunguziwa masomo tubaki na kusoma, kuandika na kuhesabu, na tukaambiwa tuanze na sauti ya herufi sio jina lake. Tulivyopigwa semina walimu wengi walinuna, wanasema tumefundisha hivi miaka yote. Mimi nilikaa mbele, nilikuwa nimeshaisubiri bila kujua. 2016 elimu bila ada tena, darasa likafurika upya. 2024 mtaala mpya mwingine na wameanzia na la kwanza hapo hapo kwangu. Kwahiyo anayesema nimefanya kitu kile kile miaka yote hajakaa darasani. Mimi sijahama ila kazi yenyewe imenihama mara tatu nikiwa nimekaa.

Na kingine, hawa watoto wa huku nyumbani ni Kisukuma kitupu, Kiswahili wanakuja kukutana nacho kwangu. Mwalimu akitoka mjini anashangaa mtoto anaandika lafiki, balua, anampigia mstari mwekundu. Mtoto hajakosa herufi, ameandika anachokisikia, kwao hiyo l na r hazijatengana. Lakini ukifika kwenye ng' ya ng'ombe ambayo watoto wa mjini inawatesa, hawa wa kwangu wanaipata siku hiyo hiyo maana wanayo tangu tumboni. Siku hizi ng' naifundisha mapema kuliko kitabu kinavyotaka ili mtoto ajione anajua kitu. Hili hakuna semina iliyonifundisha.

Sasa Dalali. Hoja ya mkopo siipingi hata kidogo. Shuleni kwetu wapo, nawaona, mtu anakuja anasaini anakaa chini ya mti na simu mpaka saa ya kuondoka, ukimuuliza anasema bado miezi kadhaa deni liishe niondoke, deni likiisha anachukua lingine. Huyo amekaa kazini muda mrefu kama mimi na ukituangalia kwenye karatasi tunafanana, ila mimi na yeye hatufanyi kitu kimoja. Na mimi mkopo nimewahi kuchukua nikajenga vyumba vitatu, nikalipa ukaisha. Kipindi kile cha uhakiki wa watumishi 2016 kupandishwa madaraja kuliposimama na mimi kulinisimamia, nilikasirika kama wote, sikuwa mtakatifu hapa wa kusema hela haijalishi. Inajalisha. Nina robo tatu ya heka ya mpunga na mume wangu ana duka, bila hivyo pengine na mimi ningekuwa naandika uzi mwingine kabisa.

Ila ulichokosea ni hapo unapodhani kutulia ni kukosa pa kwenda. Mimi nilikuwa na pa kwenda. Cheo cha mwalimu mkuu kinakuja na posho ya madaraka, nikaangalia anachofanya siku nzima: vikao, takwimu, wazazi wa ugomvi, ujenzi wa vyoo. Kazi ya maana, mtu lazima aifanye, ila haina pakiti ya chumvi.

kipandaShuka

Hapo kwenye fimbo kuanzia mwisho nimecheka peke yangu kwenye daladala watu wananiangalia 😂😂

Wa Nakuru

Hiyo ya wimbo imenipata. Nadhani mimi nimekuwa nikiimba kwa kila kazi halafu natoka kabla mtu ahamishe fimbo.

ticha_mpya

Shikamoo madam. Mimi nimeajiriwa mwaka juzi, nilisomea sekondari ila nikapangiwa msingi na mwalimu mkuu akanipa la kwanza, wanafunzi 130 na kitu chumba kimoja, wakati mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa 45. Sijui hata naanzia wapi, nikiandika ubaoni wa nyuma wanapigana, nikienda nyuma wa mbele wanalia. Naomba uhamisho kila mwezi. Nimesoma uzi wako nikaona wewe una moyo wa chuma mimi sina. Kweli mtu anaweza kuipenda hii kazi au nyie mlizaliwa hivyo?

MamaChaki

Marahaba mwanangu. Hakuna aliyezaliwa hivyo, na uhamisho endelea kuomba kama unautaka kweli, usije ukakaa kwasababu ya uzi wa mtu mtandaoni. 130 kwa mmoja ni mateso, hilo lisemwe wazi, na mwalimu mkuu mwambie kwa maandishi sio kwa mdomo. Ila wakati unasubiri barua nakupa vitu vya kesho asubuhi.

Kwanza usifundishe 130. Haiwezekani, atakayekuambia inawezekana hajafundisha. Wagawe wawe mafungu, fungu moja lipo na wewe mbele limekaa chini karibu na ubao, mengine yana kazi ya mikono. Kazi ya mikono ndo vizibo vya soda. Kusanya vizibo vingi uwezavyo, vitoboe kwa msumari katikati, vitunge kwenye kamba au waya kumi kumi, kila kundi la watoto lipate kamba zake. Wanahesabu, wanatenganisha, wanapanga, wanagombana kidogo wanapatana. Dakika ishirini za mtoto zimeisha na wewe umepata dakika ishirini za kukaa na fungu lako. Halafu mnabadilishana.

La pili, wiki ya kwanza usihangaike na herufi. Angalia macho na masikio. Simama nyuma yao ongea kwa sauti ya kawaida, nani hageuki? Huyo mlete mbele, wengi wanaoitwa wazito ni masikio tu. Anayekunja uso akiangalia ubao naye mlete mbele, na mwite mzazi. Wa mkono wa kushoto usimbadilishe mkono, mkalishe pembeni kushoto mwa dawati asigongane viwiko na mwenzake, basi, tatizo limeisha.

La tatu, anza na sauti wanazoweza kuzivuta, mmmm, ssss, hizo mtoto anaziunganisha na a bila kukatika, mmmmaaa. Ukianza na b au k zinakatika mdomoni haziungani, mtoto anachanganyikiwa na wewe unadhani hana akili. b na d watazigeuza mpaka mwaka unaisha, usiwapige, hata 3 wataigeuza, inakaa sawa yenyewe kwa wengi.

La nne sio la kufundisha. Chagua watoto watano tu. Usiwaambie. Wale watano waangalie kila siku, andika kwenye daftari lako leo huyu kafanya nini, mstari mmoja. 130 hutawaona wakikua, watakuchanganya tu, ila watano utawaona. Mimi ndo nilivyoponea mwaka ule wa kuboeka. Ukifika Agosti njoo uniambie kama bado unataka kuondoka, na ukitaka, nenda bila kuona aibu.

ticha_mpya

Asante sana mama. Nimescreenshot yote. Vizibo nitavitoa wapi vyote hivyo, kijijini kwetu duka moja na soda siku hizi ni za plastiki.

Hadubini

Kwenye sherehe dogo. Harusi, kipaimara, misiba mikubwa, soda za chupa bado zipo. Ongea na wanaohudumia kabla hawajafagia.

Dalali Mkuu

Haya mimi sijabadilisha msimamo, mshahara wa mwalimu ni mdogo na kikokotoo bado ni 40%, hilo mama hajalijibu na hawezi kulijibu maana sio yeye anayepanga. Ila vizibo hivyo hamuwezi kuhangaika wakati mimi nipo. Kuna baa naifahamu jirani na viwanja vyangu, vinamwagwa nje kila asubuhi. Ticha nitumie PM uko wilaya gani nikikuta basi la huko nakutumia gunia. Nauli ya mzigo juu yangu, usije ukaniletea risiti.

MamaChaki

Dalali ubarikiwe. Ila vioshwe kwanza na maji ya moto na omo kabla watoto hawajavishika, vya baa vinanuka bia mpaka darasani, na ticha angalia vile vyenye ncha vilivyokunjwa na opena vitoe pembeni.